Mbonyeze Mpaka Ukucha Uwe Mweupe

Ngarenaro, Arusha
Jumapili, baada ya misa ya kwanza

Mdogo wangu Osmund,

Pokea salamu za dada yako, kitindamimba wetu, lakini safari hii sikuulizi habari za nyumbani. Nikikuuliza utanijibu wote wazima, mama mzima, ng'ombe mzima, kahawa inaendelea vizuri, na karatasi yangu itakuwa imeenda bure. Mimi nipo. Baridi ya mwezi huu inashuka kutoka Mlima Meru na kutuingia kwenye mifupa, na chumba nilichopanga kimepakana na karakana ya mchomelea mageti ambaye Jumapili ndiyo siku pekee anayotunyamazia, kwa hiyo naandika nikiwa na akili zangu zote. Najua utashangaa kuletewa barua kama watu wa zamani. Simu yako uliidumbukiza kwenye pipa la kuoshea kahawa, na iliyobaki hapo nyumbani inakaa mfukoni mwa mama. Kila ujumbe ninaotuma anakupa wewe umsomee kwa sauti kwa sababu haoni herufi ndogo, na wewe tangu utotoni hujawahi kumficha mama hata punje ya sukari. Barua hii ameibeba mwalimu mmoja wa kwetu anayerudi Mbinga likizo. Isome huko kwenye mibuni, peke yako.

Ninachokuandikia ni mikono ya mama.

Krismasi nilipokuja nilikaa siku tisa. Siku zote tisa mama aliamka jua likiwa limeshapanda, yeye aliyekuwa akituamsha kwa kutumwagia maji ya mtungini. Nilipouliza, alisema anasali rozari kitandani. Rozari ya saa mbili, Osmund! Hata masista wa parokia hawasali hivyo. Alikuwa anasubiri vidole vifunguke. Chai aliishika kwa viganja viwili, kifuniko cha dumu ulimfungulia wewe, na kuku wa sikukuu alinyonyolewa na mke wa jirani, mama akisema eti anamkaribisha jikoni kwa heshima. Niliyaona yote hayo. Nilimshika mkono, nikasema shikamoo mama, akaitika marahaba mwanangu, mimi sijambo kabisa, nikauachia. Daktari wetu wa kliniki aliniuliza kwa nini sikumpima mama yangu mwenyewe. Niliona aibu, basi.

Na wewe usijione umepona. Unakula ugali wa mikono hiyo kila siku. Mwiko anaushikaje? Umewahi kutazama? Mwanamume wa miaka ishirini na sita, unakaa kwenye kigoda unasubiri mama asonge, halafu mwezi wa tatu, kabla simu yako haijazama, unaniandikia kwamba mama anaendelea vizuri kwa sababu bado anapika. Nilipousoma ujumbe ule nilitamani uwe karibu nikuchape.

Sasa nikueleze kazi yangu, maana nyumbani mnajua tu kwamba mimi ni nesi Arusha na mnadhani nachoma sindano. Niko kliniki ya viungo, ya watu wenye baridi yabisi. Daktari huwa anakuja Jumatano, na kabla hajamwona mgonjwa, mgonjwa anapita kwangu nimhesabie maungio. Ni ishirini na manane: mabega mawili, viwiko viwili, vifundo vya mikono viwili, magoti mawili, na yaliyobaki yote ni ya vidole vya mikono. Kwenye kila ungio naangalia mambo mawili, kama limevimba na kama linauma. Uvimbe wa ugonjwa ulio macho ni laini, ukiubonyeza unabonyea kama ndizi iliyoiva mno. Ukikuta kigumu kama mfupa, huo ni uharibifu wa zamani na dawa haiurudishi. Nguvu ya kubonyeza ni moja kwa watu wote, tajiri na maskini: unabonyeza kwa kidole gumba mpaka ukucha wako mwenyewe uwe mweupe. Na wakati unabonyeza hutazami kidole cha mgonjwa, unatazama uso wake, kwa sababu mdomo umefundishwa adabu.

Hawanipendi. Mzee mmoja mstaafu akiniona anakalia mikono yake. Wameniita Koleo, na sikufichi, jina lilinipendeza. Nilijiona mtu ninayejua kitu ambacho wenyewe wanakificha. Mtu anakuambia kwa tabasamu kwamba hana neno, unamgusa kidole cha shahada, anaruka kwenye kiti, unaandika. Kuna siku nilikuwa nasubiri waruke.

Mwezi wa pili alikuja mama mmoja wa Kimeru, Mama Anaeli. Anatoka juu kule, ukipita Tengeru unapanda kuelekea mlimani, kwenye migomba na kahawa kama kwetu. Ni Mlutheri wa kwaya, mtu wa kunyoosha kanga yake kabla hajakaa. Nilimhesabia maungio kumi na manane yaliyovimba na hakutoa sauti hata mara moja, machozi tu yalikuwa yanateremka huku akiniuliza kwetu ni wapi na kama tuna mvua. Daktari akamwanzishia vidonge vya kawaida vya ugonjwa huu, arudi mwezi wa tano. Utaratibu ni kwamba ambaye vidonge vimemshinda anaandikwa kwenye orodha ya sindano, dawa kali zaidi, ambayo huja kidogo kwa watu wachache. Na kushindwa kwa vidonge kunajulikana kwa hesabu ya siku hiyo. Anayehesabu ni mimi.

Mwezi wa tano akaja. Gauni la kanisani, viatu vya kisigino kifupi, na mkungu wa ndizi mbivu kwa ajili ya manesi.

"Bwana Yesu asifiwe, mwanangu."

"Amina. Shikamoo mama."

"Marahaba. Leo utaona. Leo mimi ni mzima."

Akaushika mkono wangu akautikisa kwa nguvu, kama wanaume waliouziana ng'ombe. Nilifurahi, Osmund. Nikamkalisha, nikamuuliza swali tunalouliza wote: kati ya sifuri na kumi, maumivu yake wiki hii yamefika ngapi?

"Kumi ni nini?"

"Ni maumivu makubwa kuliko yote unayoweza kuyafikiria."

Akafikiri kwelikweli, midomo imebanwa. "Basi kumi ni Bwana Yesu msalabani. Mimi nitajilinganishaje na yeye? Weka moja."

Nikacheka nikaweka moja. Nikabonyeza ishirini na manane yote, ukucha mweupe kila mahali, nikapata mawili yenye uchungu kidogo na hakuna uvimbe wa kuandika. Lakini mashavu yake niliyaona. Yalikuwa yamejaa na kung'aa, na nimeifanya kazi hii miaka minne, najua mashavu ya namna hiyo yanaletwa na nini. Yanaletwa na vile vidonge vidogo vyeupe vya kununua dukani bila cheti, vinavyopoza uvimbe siku chache, vinanenepesha uso, halafu vinakuacha njiani. Lilibaki swali moja tu la kumuuliza: mama, umemeza nini wiki hii? Sikuliuliza. Alikuwa amependeza, amenitikisa mkono vizuri, foleni imefika mlangoni, na mimi nilitaka awe amepona. Daktari akasoma karatasi yangu akampongeza, akamwambia vidonge vinamfaa, aendelee navyo hivyo hivyo. Ndizi zake tulizila saa nne kwa chai.

Siku hiyo hiyo nafasi ya mwisho kwenye orodha ilikwenda kwa bibi mmoja wa Kisingasinga, mwenye duka la vitambaa mjini. Bibi huyo huanza kulia kabla sijamgusa. "Naumia mimi! Wewe binti umetumwa uniue!" anapiga kelele mpaka watu wa nje wanachungulia. Nilikuwa namdharau kwa hilo, nasema moyoni hana haya. Alikuwa na uvimbe kwenye maungio kumi na tano, na kila neno alilosema lilikuwa kweli. Sasa hivi anafungua pini za vitambaa mwenyewe, na salamu huwa ananipa.

Baada ya wiki tano Mama Anaeli akarudi. Alishushwa kwenye pikipiki na mwanawe Anaeli, amebebwa, miguuni ana kandambili na kichwani kitambaa kimefungwa na mtu mwingine vibaya. Nilimwambia shikamoo, hakuitika. Anaeli ndiye aliyenisimulia. Wiki moja kabla ya ile kliniki, mama yake alikwenda soko la Tengeru akapita duka la dawa, akanunua vidonge vyeupe, akameza kila siku.

"Tulimuuliza mama mbona unameza vya dukani na vya daktari unavyo," Anaeli akasema. "Akatuambia mtu haendi mbele ya daktari amekunjamana. Akasema kama unavyooga kabla ya kwenda kwa mkubwa, na mwili unauandaa."

Tulipomwambia kliniki kwamba amepona, akaviacha vyote siku moja, ghafla, na ugonjwa ukarudi na ndugu zake wote.

Nikamhesabia. Ishirini na matatu. Safari hii alilia kwa sauti, na kila alipolia nilikuwa nimeandika. Vidole vya mkono wa kulia vimeanza kulala upande wa kidole kidogo, ukivinyoosha vinarudi kulala. Daktari alisoma karatasi hii akasoma na ile ya mwezi wa tano, akaniuliza mwandiko ni wa nani. Nikasema ni wangu. Akamgeukia mgonjwa, kalamu ikiwa bado mkononi, akamwambia sindano zimekwisha, orodha nyingine itaandikwa mwezi wa tisa, na vidole hivyo visingojewe kuwa kama zamani. Alisema hivyo hivyo, kwa pumzi moja.

Mama Anaeli hakumtazama daktari. Alinitazama mimi.

"Wewe ndiye uliyenishika."

"Ndiyo, mama."

"Si wanasema una mikono ya koleo?"

Nikaiweka kalamu mezani.

"Mbona mimi hukunibonyeza?"

Nilikuwa nimembonyeza, Osmund, kwa nguvu ile ile ya watu wote. Sikumjibu hivyo. Anayejua kubonyeza anajua na kuuliza, na mimi nilijua, nikamwachia adabu yake imle. Huko kwao kahawa imeiva. Anaeli ananiambia mama yake alijaribu kuchuma kwa kuparua matawi na kiganja, mabichi na mabivu pamoja na majani, wanawe wakamtoa shambani, shamba alilopanda mwenyewe akiwa mwali. Siku hizi wanamwachia kulinda kuku. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini baridi yabisi haina haraka ya kukuua, inakuacha uone kila kitu inachokunyang'anya.

Sasa nisikilize. Nilimweleza daktari habari za mama. Akasema akija atapimwa kama wengine, hatapendelewa kwa kuwa ni mama yangu, ila aje kabla orodha ya mwezi wa tisa haijaandikwa na kabla vidole havijalala. Mama nimeshamwita mara tatu kwa simu. Mara zote tatu hajambo, na basi la siku mbili la nini. Neno langu halitambeba. Nataka hesabu.

Utaifanya asubuhi, akiwa kwenye hiyo rozari yake, kabla hajatoka kitandani. Utakaa mbele yake. Anza na mabega, shuka viwikoni, vifundo vya mikono, halafu ungio kwa ungio kwenye vidole, kuanzia vinapoungana na kiganja. Mbonyeze mpaka ukucha wako uwe mweupe. Angalia uso wake, mdomo mwachie mwenyewe. Laini na linauma, andika. Gumu, andika pembeni, hilo tumechelewa. Magoti najua utaona haya, mtoto wa kiume kumshika mama magoti. Mtandikie kanga, bonyeza juu ya kanga. Haya zako hazimsaidii mtu.

Atakuita mtoto asiye na adabu. Atakuuliza kama alikuzaa ili umtese. Anaweza kulia, na tangu nizaliwe sijamwona mama akilia, hata siku tuliyomzika baba. Usiache. Ukiachia kwenye ungio la tano utakuwa umemuumiza bure, na hesabu ya nusu sina kazi nayo. Nakujua wewe, una moyo wa siagi, ndiyo maana mama anakupenda kuliko sisi wote. Lakini huo moyo wako ndio utakaomlemaza. Nimeliandika neno hilo nikijua litakuuma, na sitalifuta.

Akikataa kabisa, mkumbushe mzani. Miaka yote aliyokuwa karani wa mzani pale chama cha msingi, wakulima walikuwa wanamjia na salamu ndefu, habari za asubuhi, za watoto, za kanisani, ili apitishe gunia bila kulitazama vizuri. Unakumbuka alivyokuwa anawajibu? "Mzani hauitikii shikamoo, baba. Weka gunia." Hata mjomba alimjibu hivyo hivyo. Basi mwambie maneno yake mwenyewe, halafu umshike mkono.

Maungio yaliyovimba yakifika sita, kesho yake mpandishe basi, na umsindikize mpaka hapa, kahawa itamsubiri. Yasipofika sita, nitakuja mwenyewe kumtazama. Jambo lingine, mkague chini ya godoro na kwenye kopo la chumvi. Ukikuta vidonge vidogo vyeupe, muulize anameza tangu lini. Kama ni kila siku, usimnyang'anye, maana kuviacha ghafla ni hatari, niliyoyaona kwa Mama Anaeli yananitosha. Nenda kwa mwalimu aliyekuletea barua hii, ana simu, nipigie kwanza. Lakini asiongeze hata kimoja kwa ajili ya safari. Na gauni la kanisani libaki sandukuni. Nataka ashuke kwenye basi akichechemea, kanga imekaa upande, mikono imevimba, watu wa stendi wamshangae. Nitakuwa pale.

Mimi mwenyewe sijambo, kama unataka kujua. Nakula, nalala, nakwenda kazini. Jumatano iliyopita nilianza kumuuliza kila mgonjwa amemeza nini kabla sijamgusa, na nusu yao walitazama chini. Mama Anaeli anakuja kila wiki mbili, ananipa mkono mwenyewe bila kuambiwa, anaangalia ukutani mpaka nimalize. Hajaniletea ndizi tena.

Nisalimie mjomba Ditrick wa mashine ya kukoboa, na umwambie siku hizo za safari awakamulie ng'ombe. Nisalimie mke wa jirani aliyemnyonyoa yule kuku. Mshukuru sana, aliona kabla yetu na akasaidia bila kutangaza. Shangazi Editha mpe salamu, halafu umuulize kwa upole kama ndiye anayemletea mama dawa kutoka mjini, maana shangazi ana huruma na huruma yake ina duka. Katekista mwambie mama atakosa kwaya majuma kadhaa na asimtangaze kanisani kama mgonjwa mahututi.

Na mama mpe shikamoo yangu, ila umpe ukishamaliza kuhesabu, usimpe kabla. Ukianza na shikamoo ataitika marahaba, na mama akishaitika marahaba hatasema tena kwamba anaumwa.

Ni mimi dada yako niliyemshika mkono mama Krismasi nikauachia,

Winfrida